Kwa Nini Rangi ya Alumini Hutoka na Mabaka

Jumamosi moja, jua likielekea kutua, alifika kwetu kijana fundi, mwanafunzi wetu wa zamani, amebeba gunia begani. Baada ya salamu alilifungua, akapanga juu ya meza masinia manane ya alumini, moja moja, pasipo neno. Yote yalitiwa rangi ya buluu, yote yametoka katika mikono ile ile na katika kopo moja la rangi. Hata hivyo hapakuwa na mawili yaliyofanana. Hili lilikuwa na buluu ya mbingu asubuhi, lile lilikaribia kuwa jeusi. Jingine lilikuwa na doa jeupe katikati, kubwa kama kiganja. Mengine yalikuwa na michirizi iliyoshuka toka ukingoni kama machozi.

«Mwalimu,» akasema, «rangi za siku hizi ni mbaya. Nimekwisha kununua makopo matatu. Nionyeshe duka liuzalo rangi njema.»

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Alikuwa amepokea arbuni ya masinia 24 ya kupambia meza za arusi, na mabamba ya alumini ameyanunua kwa fedha aliyokopeshwa na mjomba wake. Arusi ilikuwa imebakiza majuma manne. Mwenye kuagiza alikuwa amesema wazi kwamba masinia yasiyolingana hatayapokea, na arbuni yake atairudisha mfukoni.

Sisi hatukumwonyesha duka. Tulimwomba ayatoe masinia nje, tuyatazame kabla jua halijazama. Kwani msiba huo huo ulikuwa umetupata sisi wenyewe miaka ya nyuma katika karakana ya shule, na siku zile nasi tuliilaumu rangi mpaka tukachoka kuilaumu.

Ngozi yenye vitundu

Msomaji asiyepata kuiona kazi hii yafaa aelezwe kwanza ilivyo. Chuma hupakwa rangi, nayo rangi hulala juu yake kama shuka juu ya kitanda, ukiikwaruza yabanduka. Alumini yaweza kutendewa vingine. Kila ikiguswa na hewa hujivika mara moja utando mwembamba mno wa oksidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Umeme waweza kuukuza utando huo maelfu ya mara. Kipande cha alumini hutumbukizwa katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfuriki, kikafungwa upande wa chanya wa umeme wa mkondo mmoja, ule usiogeuka-geuka. Upande wa hasi hufungwa bamba la risasi au la alumini. Ndipo oksidi huota polepole juu ya uso wa kipande, ikawa ngozi ngumu isiyobanduka, kwa kuwa imezaliwa katika alumini yenyewe.

Ufundi huu si wa kale. Alumini yenyewe ilianza kupatikana kwa bei nafuu baada ya mwaka 1886, pale Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, namna ya kuitenga kwa umeme. Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart waliikuza ngozi ya oksidi kwa asidi ya kromiki, wakitaka kuzilinda ndege zitelemkazo baharini zisiliwe na chumvi. Mwaka 1927 Gower na O'Brien, nao wa Uingereza, walitumia asidi ya salfuriki, na njia yao ndiyo ifuatwayo hata leo karibu kila mahali.

Ngozi hiyo ina tabia moja ya ajabu. Mwaka 1953 wataalamu watatu wa Marekani, Keller, Hunter na Robinson, waliichungulia kwa hadubini ya elektroni, wakaeleza kwamba imepangika kama sega la nyuki, kila chumba kikiwa na kitundu katikati. Ukigawanya milimeta moja mara milioni, upana wa kitundu ni sehemu 10 hadi 20 tu za hizo. Na katika milimeta mraba moja vitundu hivyo hufika mamia ya milioni. Humo ndani ndimo rangi iingiamo ikakaa. Sinia lenye ngozi nene lina vitundu virefu, hunywa rangi nyingi. Lenye ngozi nyembamba hunywa kidogo. Penye mafuta, penye asidi iliyosalia, au pasipoota ngozi kamwe, rangi huingia vibaya au haiingii kabisa.

Basi kijana wetu alikuwa akimshitaki shahidi badala ya mwizi. Rangi haikuleta mabaka yale. Ilifunua tu yaliyotendeka saa moja au mbili kabla yake, wakati sinia lilipokuwa bado jeupe na macho hayaoni kosa lo lote.

Kuyasoma madoa

Tuliyachukua masinia moja moja. Yale mawili yaliyotofautiana mno, la mbingu na la wino, hayakuwa na doa. Kila moja lilikuwa safi kwa nafsi yake. Tukamwuliza mabamba ameyapata wapi. Akajibu kwamba mengi aliyanunua mapya, ila matano aliyakata katika kibao cha zamani cha dukani, ili kuokoa fedha. Hapo pana siri ambayo wauzaji aghalabu hawaielezi: iitwayo alumini madukani si kitu kimoja. Nyingine ni karibu safi, nyingine imechanganywa na magnesiumu, nyingine na shaba, nyingine na silikoni. Iliyo safi na ile yenye magnesiumu kidogo huota ngozi angavu ipokeayo rangi vizuri. Yenye shaba nyingi huota ngozi dhaifu, na rangi yake hufifia. Alumini ya kusubu, kama ile ya vifuniko vya injini, ina silikoni nyingi, nayo hutoka na ukijivu ambao hakuna rangi nyangavu iwezayo kuuficha. Hata mafundi wa viwanda vikubwa, wakitaka madirisha ya jengo moja yalingane, huagiza metali yote ya aina moja, na wakiweza, ya mkupuo mmoja.

Sinia la tatu lilikuwa na alama tano hafifu pembeni. Kijana aliziwekea vidole vyake mwenyewe, zikalingana, akacheka kwa aibu. Mafuta ya mkono yatosha kuharibu kazi. Kuna namna rahisi ya kulijua bamba safi, isiyohitaji chombo cho chote: limwagie maji, ulisimamishe. Maji yakitanda uso mzima kama kioo, ni safi; yakigawanyika na kufanya matone, bado lina mafuta, lirudishwe kuoshwa. Baada ya sabuni hufuata maji ya soda kali, ile itumiwayo kutengeneza sabuni, gramu 50 hivi katika lita moja, yenye joto la digrii 50 hadi 60, kwa dakika chache tu. Hiyo huichuna alumini kidogo na kuondoa utando wa zamani. Sinia hutoka na masizi meusi. Yasifutwe kwa kitambaa, bali yaondolewe kwa asidi ya nitriki iliyopunguzwa kwa maji. Toka hapo sinia lishikwe kwa waya au kwa mipira ya mikononi iliyo safi.

Michirizi ile kama machozi ilitusumbua zaidi. Ilianzia daima ukingoni, pale bamba lilipokunjwa kufanya mdomo wa sinia. Tukalikata moja kwa mkasi wa bati. Ndani ya kunjo tulikuta unyevu; tukaugusa kwa karatasi ya kupimia asidi, ikageuka nyekundu. Asidi ilikuwa imejificha humo tangu beseni la umeme, ikavuja polepole ndani ya beseni la rangi, na kila ilipopita ilizuia rangi isishike. Si hivyo tu: iliitia uchungu rangi yenyewe. Rangi nyingi za namna hii hutaka maji yenye uchungu kidogo tu, pH kati ya 5 na 6. Zikizidiwa na asidi huharibika, na masinia yafuatayo yote huumia kwa kosa la lile la kwanza. Dawa yake ni maji mengi: kuosha mara mbili au tatu katika maji mbalimbali, kulitikisa sinia, kulichovya kitambo katika maji yenye soda ya kuokea mikate ili asidi iliyobaki ife, kisha kuosha tena. Iliyo bora zaidi ni kutokunja ukingo hata kidogo. Kijana alikubali kuupinda tu, bila kuufunga.

Lile doa jeupe la katikati tulilitambua mara, kwa kuwa ndilo lililotushinda sisi zamani. «Ulilitundika namna gani?» Akatuonyesha kwa mikono: kifudifudi, kama chungu kilichofunikwa. Hewa ilikamatwa chini yake, asidi haikufika, ngozi haikuota. Sinia, kikombe na kila chombo chenye tumbo hutundikwa wima au kwa mshazari, mapovu yapate njia ya kutoka.

Beseni lililopata homa

Yalisalia masinia matatu ambayo upande mmoja yamekolea na upande wa pili yamepauka, pasipo mpaka. Hapa hatukuweza kujua kwa kutazama tu. Ikatubidi kwenda kwake Jumamosi iliyofuata, kumwona akifanya kazi.

Tulikuta amefunga masinia kwa waya wa shaba. Shaba haifai kuingia katika asidi hii, kwani huliwa na kulichafua beseni. Waya uwe wa alumini au wa titani, nao ukazwe sana. Kumbukeni kwamba ngozi ya oksidi haipitishi umeme: waya ukilegea hata kidogo, ngozi huota kati ya waya na sinia, umeme hukatika, na sinia hubaki limening'inia humo bure. Na waya wa alumini ukiisha kutumika mara moja nao umeota ngozi. Usirudiwe mpaka umechunwa kwa soda kali au kwa tupa. Tulimwonyesha pia kwamba bamba la hasi lilikuwa moja tu, upande wa kushoto. Upande ulioliangalia ulipata umeme mwingi, wa nyuma ukapata kidogo. Tukaweka mawili, kushoto na kulia, masinia yakakaa katikati kwa umbali ulio sawa.

Halafu ikafuata hesabu, ambayo kijana hakuipenda, lakini bila hiyo kila siku hutoka rangi nyingine. Sinia la sentimeta 30 kwa 20 lina desimita mraba 6 kila upande, jumla 12. Kila desimita mraba hutaka ampea 1.5 hivi, basi sinia moja lataka ampea 18, mawili 36. Yeye alikuwa akiangalia volti tu, akiziacha ampea ziende zipendavyo. Kwa ampea 1.5 katika kila desimita mraba, ngozi hukua karibu nusu mikroni kwa dakika; kwa dakika 30 hupatikana mikroni 15 au pungufu kidogo. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimeta. Rangi hafifu yatosheka na mikroni 8 au 10. Buluu iliyokolea yataka 15. Nyeusi yataka 20 au zaidi.

Lakini adui mkubwa alikuwa joto. Asidi hii hufanya kazi vizuri ikiwa na digrii 18 hadi 22, basi. Ikipata joto zaidi, huila ngozi huku inaota: vitundu hupanuka, uso huwa laini kama chaki, nayo rangi huingia ovyo. Umeme wa ampea 36 kwa volti 15 ni wati 540, na zote hugeuka kuwa joto ndani ya maji. Beseni la kijana lilikuwa la lita 40. Tukapiga hesabu kwamba kwa dakika 40 lingepanda digrii 8 au zaidi. Tulipotia kipimajoto alasiri ile, kabla hata hajawasha umeme, kilionyesha 29! Ndiyo sababu masinia ya asubuhi yalikuwa mazuri kuliko ya jioni, naye alidhani ni mkono wake uliochoka. Vitabu vya ufundi huu vimeandikwa zaidi katika nchi za baridi, na jambo ambalo huko latimizwa na hali ya hewa, kwetu lataka barafu.

Basi tukapanga hivi: kazi ianze alfajiri, beseni la asidi likae ndani ya pipa lililokatwa, lenye maji na vipande vya barafu, sinia moja moja, si mawili, na hewa ipulizwe kwa bomba dogo toka chini, ili asidi isitulie na joto lisijikusanye penye sinia.

Hapa tusimame kidogo, kwa ajili ya wanafunzi watakaotaka kujaribu. Asidi humiminwa ndani ya maji, polepole. Kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi, kwani huchemka ghafula na kurukia usoni. Lita moja ya asidi ya betri za magari, iliyo mpya, katika lita moja na nusu ya maji hutoa nguvu ifaayo, asilimia 17 hivi. Yawe maji ya mvua safi au yaliyotoneshwa, kwa kuwa klorini na chumvi za maji ya bomba hutoboa alumini. Vaeni miwani ya kufunika macho, mipira mikononi na vazi zito. Bamba la hasi hutoa hidrojeni, na soda kali ikigusa alumini hutoa hidrojeni pia. Gesi hiyo hushika moto kwa cheche ndogo, basi kazi ifanyike penye upepo, bila sigara wala mkaa karibu. Mtoto asiende peke yake mahali hapo.

Pupa ya rangi

Kijana alikuwa na kosa moja tu lililohusu rangi yenyewe, nalo ni kosa la mtu mwenye haraka. Aliichanganya kali, akalichovya sinia dakika moja, akalitoa. Katika rangi kali, sekunde kumi ni jambo kubwa: ukingo ulioingia kwanza na kutoka mwisho hukolea kuliko katikati, na hakuna mkono uwezao kuyatoa masinia 24 kwa sekunde ile ile. Tulimshauri aipunguze, gramu 3 au 4 katika lita, aipashe mpaka digrii 60 hivi, aliache sinia humo dakika 10 akilisogeza-sogeza taratibu. Rangi ichujwe kwa kitambaa kabla ya kutumika, maana chembe moja isiyoyeyuka huacha nukta isiyofutika. Na sinia lisikauke njiani kati ya beseni la asidi na la rangi. Litoke maji, liingie maji.

Mwisho huja kuziba vitundu. Sinia huchemshwa katika maji safi sana, digrii 96 au zaidi, dakika 2 au 3 kwa kila mikroni ya ngozi. Oksidi hunywa maji, huvimba, na vitundu hufunga na rangi ndani. Maji yakiwa na chokaa huacha ukungu mweupe. Rangi nyingine huvuja kidogo katika maji haya yachemkayo. Viwandani huzuiwa kwa kutia asetati ya nikeli, dawa ambayo hatuipendekezi jikoni wala kwa vyombo vya kulia.

Tena kuna faraja moja ambayo kijana hakuijua. Kabla vitundu havijazibwa, rangi iliyokosea yaweza kutolewa kwa asidi ya nitriki iliyopunguzwa, sinia likarudi jeupe, likaoshwa na kutiwa rangi upya. Kwa hiyo sinia litazamwe vizuri, penye mwanga wa mchana, kabla ya kuchemshwa. Likiisha kuzibwa, hakuna njia ila kuichuna ngozi yote kwa soda kali na kuanza mwanzo, na kila kuchuna hupunguza alumini.

Kati ya yale manane, alikuwa amekwisha kuziba sita, na moja tulilikata kwa mkasi. Mawili tu yaliponyeshwa kwa asidi ya nitriki. Matano mengine yalichunwa. Yale ya kibao cha zamani tuliyajaribu mara tatu kwa dakika mbalimbali, yalikaribia, hayakufika. Mwishowe mjomba wake, aliyekuja kuulizia fedha yake akakuta kazi, alimwongezea ya kununulia mabamba sita mapya, kwa masharti ambayo si juu yetu kuyaandika.

Siku tatu kabla ya arusi masinia 24 yalipangwa uani, juu ya mkeka. Mwenye kuagiza alizunguka mara mbili. Akaliinua moja, akaliweka mahali pa jingine, akarudi nyuma kutazama kama pana tofauti. Kisha akauliza bei ya dazani nyingine, za rangi nyekundu.

Masinia mawili ya kibao cha zamani aliachiwa Mwalimu. Moja latumika darasani kuwekea chaki, jingine tuliliweka makusudi dirishani, penye jua. Rangi nyingi zitokazo kwenye makopo hazivumilii jua la miaka. Ndiyo maana fremu za madirisha za rangi ya kahawia mjini aghalabu hazikutiwa rangi ya kopo, bali chumvi za bati iliyoingizwa vitunduni kwa umeme, na ile dhahabu iitwayo ya jua yatokana na chumvi ya chuma. La dirishani limeanza kupauka upande wa nje. La chaki lingali buluu.